Mto Thiba ukichafuka mchana: nibadili nzi, nibadili mahali, au nifunge virago?

BintiKirinyaga

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa watu waliokaa mtoni, hasa mliovua trauti kwenye mito inayotoka Mlima Kenya.

Mimi navua Thiba, kule juu msituni ukishamaliza majani chai ya Kimunye. Nina fimbo ya futi nane, namba 4, mshipi wa kuelea, na kisanduku cha nzi wa bandia (ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu) alichoniachia mjomba. Nafika alfajiri, kilele kinaonekana chote, kokoto unaziona moja moja chini ya maji. Wakati huo sina shida: nimfu mdogo, yaani nzi wa kuzama, wa ndoano namba 16 (namba kubwa, ndoano ndogo) kwenye maji ya kasi, na samaki wanakuja. Ikifika saa saba, saa nane hivi, mto unageuka. Hapo niliposimama halijadondoka tone, jua linaniwakia kisogoni, lakini yanaanza kupita majani makavu na vijiti, halafu maji yanaingia ukungu, halafu yanakuwa mekundu. Kuanzia hapo hata kuguswa siguswi.

Nimeambiwa nifunge nzi mkubwa mweusi. Nikamfunga, nikamrusha kidimbwi kilekile kilichonipa samaki asubuhi, katikati kabisa. Wapi! Mwingine akaniambia mto ukichafuka ni basi, rudi nyumbani. Sasa kazi yangu ni ya zamu, siku ya mapumziko naigombania, nalipa bodaboda hadi getini, halafu nivue asubuhi tu nirudi? Inauma.

La pili: masika yakishaanza, mtu anajuaje siku ya kwenda? Kuna siku imenyesha usiku kucha nikakuta mto safi. Kuna siku imenyunyiza tu nikakuta tope tupu. Sioni utaratibu wowote hapo.

MfungaNzi_NBO

Dada, upande wa nzi niachie mimi, maana ndio unaonilisha. Nafunga nzi kwa mkono hapa Nairobi. Wengi tunaowafunga wanapakiwa kwenda Uingereza na Marekani, na mvuvi wa Nyeri akitaka wa kununua anahangaika mjini kutwa nzima. Hilo nalisema kila nikipata nafasi, mnivumilie.

Aliyekwambia mweusi mkubwa hakukudanganya. Kwenye tope samaki haoni rangi, anaona umbo. Yeye yuko chini, mwanga uko juu, kwa hiyo kitu cheusi ndicho kinachojichora vizuri zaidi juu yake. Pia ana mstari wa hisia ubavuni, unaomwambia kuna kitu kinasukuma maji hata kama macho hayajakiona. Ndiyo maana nzi wa maji machafu anatakiwa awe na nyama: ndoano namba 8, mkia wa manyoya laini yanayocheza, mwili wa sufu nyeusi, unyoya wa shingo ya jogoo umezungushwa kutoka mkiani hadi kichwani. Wavuvi wanamjua kwa jina la Woolly Bugger. Chini ya sufu mimi huzungusha waya mzito kwanza, maana nzi mwepesi kwenye mto uliojaa anapita juu ya kichwa cha samaki bila kusalimia.

Ila hata nikikufungia mzuri vipi, mahali pa kumtupa sikufungii. Hapo wangojee wazee.

MzeeWaRagati

Mwanangu, jibu lako umeliandika mwenyewe: “kidimbwi kilekile, katikati kabisa.” Samaki uliyemwacha pale asubuhi hayupo tena pale. Ulibadili nzi, yeye akabadili nyumba.

Nilianza utotoni, nikibebea wavuvi mikoba kwenye mito ya Ragati na Sagana, baadaye nikawa naongoza wageni. Wageni walikuwa wakinitazama usoni kujua kama tutapata samaki. Mimi nilikuwa natazama jiwe.

Nitakueleza jiwe lenyewe. Ukifika, kabla hujaunga fimbo, tafuta jiwe lililo ukingoni, nusu ndani ya maji na nusu nje, lisilorushiwa maji na poromoko. Liinamie ulitazame pale maji yanapokutana na jiwe. Ukikuta juu ya maji kuna ukanda mweusi wenye unyevu, upana wa kidole au viganja viwili, na juu yake ndipo jiwe linaanza kukauka na kuwa la kijivu, mto huo unashuka. Maji yalikuwa pale juu muda si mrefu. Ukikuta maji yanagusa jiwe kavu moja kwa moja, hakuna ukanda, basi mto umesimama au unapanda. Ngoja kidogo, tazama tena. Kama kuna kijani cha kuvu ulichokiona mwanzo na sasa kimezama, unapanda. Hicho kipimo hakihitaji betri, na kinakupa habari kabla rangi haijabadilika.

Kwa nini nakusumbua na kupanda na kushuka badala ya rangi? Kwa sababu mto wenye ukungu unaopanda na mto wenye ukungu uleule unaoshuka ni mito miwili kwa samaki. Unapopanda, kila kitu kinamjia kwa fujo: majani, vijiti, mchanga. Kila mkondo anaouzoea unahama. Anatafuta pa kujificha. Unaposhuka, ameshatulia, maji yanazidi kuonekana, na chakula bado kinaletwa. Mtu akiniuliza nichague siku moja tu ya kuvua mwezi mzima, nachagua asubuhi baada ya mto kujaa, ukanda wa unyevu uko juu ya jiwe, na ncha ya fimbo yangu ya kutembelea naiona ikiwa magotini.

Sasa ile saa nane yako. Mvua inayochafua Thiba hainyeshi ulipo. Kutoka Kimunye alfajiri unauona mlima, ikifika saa nne mawingu yameshaufunika. Mchana inanyesha huko juu kwenye nyasi na mianzi, nawe bado unatafuta kofia ya jua. Maji yakianza kupanda yanapitia kwanza kando kavu za mto, yanaokota majani na vijiti vilivyolala pale. Ndiyo maana majani hutangulia. Halafu tope la kingo zilizobomoka, njia za tembo na barabara za msitu ndilo linafuata. Kwa hiyo kati ya jani la kwanza na tope una nafasi, mara nyingine nusu saa, mara nyingine fupi zaidi, na hiyo nafasi ni tamu! Nyungunyungu na wadudu wa ukingoni wanazolewa, samaki wanatoka kula. Wewe wakati huo naona ulikuwa umekaa ukitazama majani yakipita.

Maji yakishakuwa mazito, toka katikati. Samaki amekuja kando, kwenye maji mepesi asikopigana na mkondo: nyuma ya jiwe kubwa, ndani ya kona, chini ya ukingo uliochimbwa na maji penye mizizi, na hasa pale kijito kidogo safi kinapoingia kwenye mto mchafu, ambapo utaona mstari umechorwa kabisa kati ya maji mawili. Samaki hupanga foleni kwenye huo mstari. Yuko mahali ambapo asubuhi ungeweka gambuti lako. Kwa hiyo gambuti lisiingie majini! Simama hatua mbili nyuma ya ukingo, piga goti ukiweza. Usirushe mshipi mrefu. Nje ya fimbo kuwe na uzi wa urefu wa fimbo, basi. Nzi wa MfungaNzi umdondoshe juu kidogo ya jiwe, ushushe ncha ya fimbo, umfuate anavyoteremka, ukifika mwisho umwinue polepole. Hapo kwenye kuinua ndipo wengi hushika. Kila shimo mara tano sita, maana asipomwona mara ya kwanza atamwona ya nne. Kisha sogea.

Na kuna uchafu usiovulika. Mito ya nyanda za juu za Aberdare, Karuru na Chania, maji yake yana rangi ya strungi hata siku ya kiangazi. Hiyo ni rangi ya majani na udongo wa kule juu, usiogope, ndani yake samaki anaona vizuri. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, hapo chovya fimbo yako ya kutembelea. Ncha ikipotea kabla maji hayajafika nusu ya muundi, kaa chini ule chakula chako, au nenda nyumbani. Hiyo siku hata mimi naenda nyumbani.

Kuhusu siku ya kwenda masika, utaratibu upo, ila si wa kuhesabu siku. Mvua za kwanza za Machi zinaangukia vumbi. Ardhi imekauka, kwato zimeitifua, kila tone linashuka na udongo. Kwa hiyo mvua kidogo, tope jingi. Ikifika Mei ardhi imeshiba, nyasi zimeota, mto ni mkubwa lakini unatakata usiku mmoja. Ndiyo maana umekuta safi baada ya mvua ya usiku kucha. Tena angalia mto unapita wapi. Juu yako ni msitu, unatakata haraka. Ukishuka chini kwenye chai na mashamba unakaa mwekundu siku kadhaa. Watu wa chini wakikwambia Thiba ni tope, wanakwambia habari za kwao.

Jambo moja la nyongeza, halafu nikanywe uji. Jioni ya mvua za kwanza kumbikumbi wanatoka. Wakianza kuruka kwenye taa zako, kesho yake alfajiri uwe mtoni, hata kama mto una ukungu. Weka nzi wa kuelea wa kahawia, namba 12, mabawa marefu, mvutie ukingoni chini ya matawi. Trauti aliyezaliwa na mababu wa Loch Leven, Scotland, waliowekwa Mto Gura na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, anajua kumbikumbi kuliko wewe.

Kijito_Nanyuki

Mzee shikamoo. Yote nayakubali, ila naona sote tunazungumzia mto uliojaa. Waliozaliwa upande wetu wa mlima shida yao ni kinyume chake.

Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Liki, yote inateremka kuelekea Ewaso Ng'iro, na upande huu mvua ni haba. Januari na Februari, chini kwenye mashamba ya umwagiliaji, mifereji inavuta maji kulia na kushoto mpaka jumuiya za watumiaji wa maji zinagawana zamu. Kuna mwaka nimesimama kwenye daraja la barabara, chini ni mawe meupe na mbuzi. Mtu akikwambia pale palikuwa na trauti anakuchekesha. Lakini panda juu, ingia msituni, maji yapo, membamba na safi mno. Huko mbinu ya mzee ya kusimama karibu na kudondosha nzi mkubwa itawafukuza samaki wote hadi kileleni.

Maji yakipungua, samaki hujazana kwenye vidimbwi vichache vyenye kina na kivuli. Utawaona. Nao wamekuona zamani. Mimi hupita mbali na mto, ninaingia kutoka chini ya kidimbwi nikitazama juu mkondo unakotoka, kwa sababu trauti hulala kichwa kikielekea mkondo, mgongo kwako. Uzi wa mbele naurefusha hadi futi kumi na mbili, mwisho wake milimita 0.15, wa 0.13 nikiwa na moyo. Nzi namba 16 au 18. Na kumrusha ni mara moja au mbili tu kwa kila kidimbwi, baada ya hapo unawafundisha.

Halafu nabeba kipimajoto. Kimenigharimu kidogo kuliko nzi ninaowapoteza mitini. Maji yakifika nyuzi 20 nafunga kazi, hata ikiwa saa tano asubuhi. Trauti ni samaki wa maji baridi, akipigana nawe kwenye maji ya vuguvugu utamwachia anaogelea vizuri, na atakufa ukishampa kisogo.

BintiKirinyaga, kwa faida yako: upande wa Kirinyaga ukiwa umejaa, mara nyingi huku kwetu mito bado iko sawa. Zunguka mlima, barabara ni lami mwanzo mwisho.

MzeeWaRagati

Kijito, marahaba. Ya maji machache umesema kweli, sina la kupunguza. Lakini la kuzunguka mlima, mtoto ameshasema analipa bodaboda. Bei ya petroli unaijua.

Kijito_Nanyuki

Naijua mzee. Ndiyo maana sijawahi kuja Ragati.

MamaVifaranga

Naomba niingize neno. Sikuwahi kuvua kwa fimbo, mimi nimelisha trauti kwenye mabirika kwa maji ya mto, shamba la mtu binafsi pande hizi za Nyeri. Kazi ya namna hii imeanza zamani hapa kwetu, kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo ni cha 1948, kwa hiyo akina mama tunaomjua trauti kwa tabia si wachache kama mnavyodhani.

Maji ya mto yakiingia na tope, jambo la kwanza tulikuwa tunaacha kulisha. Tope linakaa kwenye matamvua, samaki anapumua kwa shida, na akiwa na chakula tumboni anahitaji hewa zaidi ya hiyo anayoikosa. Tulikuwa tunawaona wanavyofanya: wanaacha katikati, wanakwenda kwenye pembe ambako maji hayasukumi, au wanajibana pale maji safi ya chemchemi yalipokuwa yanaingia kwa bomba. Mzee anaposema mstari wa kijito, mimi nimeuona huo mstari kwa miaka nikiwa na ndoo mkononi, samaki wote upande mmoja.

Na kuna kitu kingine kilichokuwa kinatushinda: mvua ya mawe. Ikipiga huko juu, maji yanashuka baridi ghafla, hata kama si machafu sana. Samaki wanakaa chini kabisa, hawataki kitu mpaka kesho yake. Kwa hiyo binti, ukitia mkono majini mchana ukautoa unauma kwa baridi wakati asubuhi haukuuma, usijilaumu, na nzi usimlaumu.

Ombi langu: mnaowarudisha mtoni, siku ya tope msiwashike muda mrefu kupiga picha. Ameshachoka kupumua kabla hujamshika. Lowesha mkono, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mwelekeze kichwa kwenye mkondo mwepesi, mwache aende mwenyewe.

Mkilombero_TZ

Habari za huko wakuu. Mimi niko Ifakara, nimeingia tu kwa sababu ya kichwa cha habari. Huku kwetu kuna wageni wanakuja kuvua taigafishi kwa nzi, Mto Mnyera na Mto Ruhudji, juu ya bonde la Kilombero. Wao wameamua kukata shauri kabisa: wanakuja kuanzia Agosti hadi Novemba, maji yakiwa yamepungua na kutakata, mvua zikianza hakuna mgeni. Bonde lote linakuwa ziwa, samaki wanatawanyika kwenye nyasi, utamtafuta wapi? Kwa hiyo hii habari ya kuvua mto unaopanda mchana mmoja na kushuka usiku wake ni ya milimani, sisi mto ukijaa umejaa kwa miezi.

Ila la kijito safi kuingia kwenye mto mchafu ni lilelile. Nimeendesha boti za wageni, na kila mara wanaambiwa watupe pale. Tofauti ni kwamba huyu wetu ana meno, mbele ya nzi unaweka waya wa chuma, sio hizo nyuzi zenu za milimita sifuri nukta.

BintiKirinyaga

Asanteni sana, nimesoma mpaka nimechelewa kazini. Jumamosi nilikwenda, nawaletea majibu.

Jiwe nilipata, nikaliwekea alama ya mkaa kabisa (mzee usinicheke). Asubuhi ilikuwa kama kawaida yangu, wawili wadogo, nikawarudisha. Saa sita na nusu nikatazama alama, haipo. Maji bado safi! Nisingejua kitu. Jani la kwanza likapita kama dakika kumi baadaye. Nikakata nimfu, nikafunga mweusi namba 8, nikaanza na ukingo ulio chini ya mti mkubwa uliolala. Mara ya tatu nikiwa namwinua, fimbo ikainama. Sikuona samaki, niliona uzi unatembea kwenda upande usio wa mkondo. Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, mwenye wekundu ubavuni, mrefu kuliko kiganja hadi kiwiko changu. Huyo nilikula, mama alimkaanga na vitunguu.

Maji yalipokuwa mazito nikaenda kwenye kijito, kile kinachotoka upande wa kulia ukipanda. Mstari upo! Nimepita hapo siku zote nikaona ni mahali pa kuruka tu. Nikashika mwingine, mkubwa zaidi, akaingia kwenye mizizi, akakata uzi. Ulikuwa wa 0.15.

Sasa swali langu jipya. Nilipokuwa hapo kwenye kijito, mkono mdogo wa mto uliokuwa nyuma yangu, ambao asubuhi niliuvuka kwa kuruka mawe, ukawa umejaa. Nilibahatika kupata gogo juu kidogo. Mnavukaje maji ya namna hiyo? Na uzi wa mwisho niweke upi, maana nimeambiwa kila mara mwembamba ndiyo unaovua.

MzeeWaRagati

Mkaa sicheki, tena nitauiba huo.

Kuvuka: hatuvuki. Nakuambia hivyo nikijua utavuka, kwa hiyo sikiliza. Maji unayoyaona chini yake, yasiyofika goti, unavuka ukielekea mkondo unakotoka, fimbo ya kutembelea mbele yako upande wa juu, unasogeza mguu mmoja bila kuunyanyua, ukishika ndipo wa pili. Maji usiyoyaona chini yake, hata yakiwa ya muundi, usitie mguu, kwa sababu hujui jiwe liko wapi na shimo liko wapi. Na ukisikia mawe yanagongana huko chini, mlio mzito wa kubingirika, huo mto hauvukwi na mtu wala nyati. Unakaa upande ulioko mpaka ushuke. Kwa mito ya msituni mara nyingi ni usiku, ndiyo maana nabeba blanketi na kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, na simvushi mgeni mchana bila kujua nitamrudishia wapi. Msitu huo una tembo na nyati, kwa hiyo kulala huko bila askari wa msitu si mchezo. Kwa hiyo saa ya kurudi upande wa nyumbani ni jani la kwanza linapopita. Ukivua ile nusu saa tamu, uwe unaivulia upande wenye njia. Hicho kijito chako ukifikie kutoka ng'ambo ya juu, kupo njia ya wakata mianzi ya zamani, ni ndefu lakini haina maji.

Uzi: mwembamba unavua kwenye maji safi ya Kijito na wenzake, ambako samaki anauona. Kwenye tope haoni uzi, anaona chakula, na yuko kwenye mizizi, hutaki kumbembeleza. Weka 0.20, au 0.22 kama nzi ni wa namba 6, na uufupishe uwe futi nne tu ili nzi azame pamoja nao. Akishika, inua fimbo upande, siyo juu, umtoe kwenye mizizi hapohapo kabla hajajua ni wewe.

MfungaNzi_NBO

Dada, wa namba 6 ninao wenye mwili wa zambarau iliyokolea, kwenye tope wanakwenda sawa na weusi. Watano nitawapa dereva wa matatu ya Kerugoya, uniambie upande wa mizizi wanafanyaje.